Tuzime Taa Tuione Nyota Jirani



Muhula uliopita chama chetu cha sayansi kilipeleka ombi dogo mbele ya baraza la wanafunzi. Tuliomba taa mbili kubwa zinazomulika uwanja wa mpira zizimwe kwa muda wa saa moja, usiku mmoja tu katika kila mwezi wa muhula wa pili, ili wanafunzi wapate kuzitazama nyota za upande wa kusini. Ombi likakataliwa. Wengine walisema mambo ya nyota hayaletwi katika mtihani. Wengine walisema kuzima taa ni kuwaita wezi. Mmoja alisimama akasema, na watu wakacheka sana, ya kwamba mwenye kutazama nyota usiku ama ni mchawi ama ni mpiga ramli, na hapa shuleni hatuhitaji hata mmoja wao. Mimi nami nilicheka, maana maneno yalisemwa vizuri. Lakini kicheko si hoja, na kwa kuwa Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili, nataka kueleza kwa nini naliona ombi lile kuwa la haki, tena la faida kwa shule.

Kwanza niseme ni nyota gani, maana sitetei nyota yo yote tu. Ipo nyota moja iliyo jirani ya jua letu kuliko nyota nyingine zote zionekanazo kwa macho. Katika vitabu huitwa Alpha Centauri. Kwa Kiswahili huitwa Rijili Kantori, jina lililotoka kwa Waarabu, maana yake mguu wa Kantori, yule kiumbe wa hadithi za Wayunani aliyekuwa nusu mtu na nusu farasi. Katika nyota zote za usiku hiyo ni ya tatu kwa kung'aa. Walakini ukimwuliza mwanafunzi wa hapa Kimaka akutajie nyota mashuhuri, atakutajia Nyota ya Kaskazini, ambayo hapa kwetu, chini ya nusu digrii kutoka ikweta, imelala kwenye upeo wa macho nyuma ya miti na wala haionekani. Sababu yake ni rahisi. Vitabu vyetu vingi viliandikwa na watu wa Ulaya, na mtu aliye London hawezi kuiona Rijili Kantori hata akikesha mwaka mzima, kwa kuwa kule haichomozi kamwe. Siwalaumu. Kila mtu huandika yale ayaonayo mlangoni pake. Ila nasi tunao mlango wetu, nao umeelekea ziwani.

Sasa, neno jirani lisitudanganye. Chukua balungi moja lenye upana wa sentimita 10, uliweke katikati ya uwanja wetu, useme hili ndilo jua. Dunia yetu itakuwa kitu kidogo kuliko punje ya ulezi, umbali wa hatua kumi na moja kutoka kwenye balungi. Na nyota jirani je? Je, tuiweke kwenye lango la shule, au mjini Jinja, au ng'ambo ya mto kule Njeru? La hasha. Kwa kipimo hicho balungi la pili litakuwa umbali wa kilomita 3,000 hivi, yaani tulipeleke hadi Johannesburg. Kati ya balungi la Kimaka na balungi la Johannesburg hamna balungi jingine. Nuru, ambayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hutoka kwenye jua ikatufikia kwa dakika 8 na kitu, lakini kutoka Rijili Kantori hutumia miaka 4 na zaidi ya theluthi moja. Mwanafunzi wa S.4 akiitazama leo, nuru inayoingia jichoni mwake iliondoka kule alipokuwa angali shule ya msingi.

Watu walijuaje umbali huo, na hakuna mtu aliyepeleka kamba? Hapa ndipo napenda wenzangu wasikilize kwa makini, kwa sababu kazi hiyo ilifanyika katika bara letu la Afrika, jambo ambalo sijapata kulisikia likitajwa darasani hata siku moja. Nyosha mkono wako, usimamishe kidole gumba, ukitazame kwa jicho la kulia, kisha kwa jicho la kushoto. Kidole kitaruka kando mbele ya ukuta. Ukijua umbali uliopo kati ya macho yako mawili, na ukapima kile kiasi cha kuruka, waweza kupata urefu wa mkono wako kwa hesabu. Dunia nayo ina macho mawili ya namna hiyo: mwezi wa Januari iko upande mmoja wa jua, mwezi wa Julai iko upande wa pili, na kati ya pande hizo mna kilomita milioni 300. Nyota iliyo karibu huruka kidogo mbele ya nyota zilizo mbali.

Aliyeipima Rijili Kantori kwa njia hii alikuwa Thomas Henderson, Mskoti aliyekuwa karani wa mawakili kabla hajashika kazi ya nyota. Alifika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1832, akakaa mwaka mmoja na kitu tu, akarudi kwao na madaftari yake. Alitafuta jambo dogo mno. Kuruka kwa nyota ile, ukihesabu kutoka jua hadi dunia, ni robo tatu tu ya sehemu moja ya digrii iliyogawanywa mara 3,600. Kama wataka kujua ni udogo gani huo, mtu asimamishe rula yako ya sentimita 30 umbali wa kilomita 82, yaani kama kule Kampala, nawe ujaribu kuupima urefu wake kwa macho ukiwa hapa Jinja. Hesabu ya kwanza ya Henderson iliileta nyota karibu kuliko ilivyo kweli, lakini njia ilikuwa sawa. Kwa bahati mbaya aliyafungia majibu yake, akiogopa kwamba huenda hayaaminiki. Mwaka 1838 Mjerumani Bessel alitangaza umbali wa nyota nyingine, na Henderson akatangaza ya kwake mwaka 1839, akawa wa pili. Nawaomba wale wanaoficha daftari la hesabu wakingoja mpaka mwenzao anyoshe mkono wamkumbuke mtu huyu.

Umbali ukishajulikana, mambo mengine hufunguka kama mlango uliopata ufunguo wake. Na hapa naomba nieleze kwa urefu, maana ndipo ilipo hoja yangu hasa: mambo mengi ya nyota hii mwanafunzi anaweza kuyaona na kuyahesabu mwenyewe, bila chombo cha bei kubwa.

Tuanze na rangi. Karibu na Rijili Kantori, upande wa kulia kwa mtu aliyeelekea kusini, ipo nyota nyingine iitwayo Hadar. Kwa mtazamo wa haraka ni ndugu wawili. Mng'ao wao haukupishana sana, wamesimama pamoja, hutembea pamoja usiku kucha. Kumbe si ndugu hata kidogo. Rijili Kantori iko miaka 4.4 ya nuru kutoka kwetu. Hadar iko miaka 390 hivi. Yule Mwingereza Speke alipofika Jinja mwezi wa Julai 1862 akayaona maji ya Nile yakitoka ziwani, nuru ya Hadar tunayoiona sasa ilikuwa imekwisha kusafiri zaidi ya nusu ya njia. Basi kama nyota ya mbali namna hiyo yaonekana karibu sawa na ya jirani, ni lazima iwe taa kubwa ajabu. Na jicho lenyewe laweza kupata dalili: Rijili Kantori ina umanjano kidogo, Hadar ina weupe wenye kuelekea buluu. Mhunzi ye yote hapa mjini atakueleza maana ya rangi. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kikizidi tena huwa cheupe. Uso wa Rijili Kantori una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, na uso wa Hadar wapata nyuzi 25,000 hivi. Tofauti hiyo waweza kuiona ukisimama penye goli la uwanja wetu, mradi taa zile mbili zisiwe zimekumulika usoni.

Jambo la pili ni kwamba ufunguo wa nyota hii tunao mchana, juu ya vichwa vyetu. Rijili Kantori kwa kweli ni nyota mbili zinazozungukana, A na B, nazo kwa macho huonekana moja. Ile kubwa, A, inafanana mno na jua letu: joto la uso ni lile lile kwa karibu sana, na nuru yake ikipitishwa katika kioo cha kuipasua rangi huonyesha mistari myeusi ya namna ile ile ionekanayo katika nuru ya jua, mistari ya chuma, ya kalisi, ya sodiamu na kadhalika. Kwa hiyo anayelipima jua amekwisha kuanza kuipima Rijili Kantori.

Nani kati yetu hajapata kuona viduara vya nuru sakafuni katika nyumba yenye mabati yaliyotobolewa na misumari? Tundu la msumari laweza kuwa na pembe, laweza kuwa refu kama jani, lakini mwanga unaoanguka chini huwa duara. Hiyo ni picha ya jua. Pima umbali kutoka tundu hadi duara, kisha pima upana wa duara. Kama ni mita 3.5, duara litakuwa na upana wa milimita 32 au 33 hivi. Gawa 3,500 kwa 32.5, utapata kama 108. Maana yake jua liko mbali nasi mara 108 ya upana wake. Umbali wa jua ni kilomita milioni 150, basi gawa kwa 108, utapata upana wa jua: karibu kilomita milioni 1 na laki 4. Hesabu hii haihitaji pesa hata shilingi moja. Yahitaji rula, na mabati mabovu, ambayo hayajapata kuadimika katika nchi hii. Nami sharti niseme hapa, ijapokuwa kila mwalimu hulisema: mtu asilitazame jua lenyewe kwa macho wala kwa darubini. Atazame sakafu.

Viduara hivyo hufanya ajabu siku ya kupatwa kwa jua, maana vyote pamoja hugeuka umbo la mwezi mwandamo. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa lote kule Pakwach, kaskazini ya nchi yetu, kwa muda usiofika nusu dakika, na watu walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuona. Hapa Jinja lilifunikwa sehemu tu, na wengi wetu tulikuwa wadogo mno hata kukumbuka. Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, njia ya giza itapita Misri, Sudan na Somalia, na sisi wa Uganda tutapata sehemu yake mchana. Chama kisichojua kutumia tundu la msumari kitafanya nini siku hiyo?

Tena jua hupimwa kwa nguvu zake. Mchana wa jua kali, kila mita moja ya mraba ya ardhi hupokea wati 1,000 hivi. Uwanja wetu wa mpira, kama una urefu wa mita 100 na upana wa mita 64, hupokea megawati 6.4. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na mitambo yake yote kumi imetengenezwa kutoa megawati 180. Hesabu mwenyewe: viwanja 28 vya mpira saa sita ya mchana hupokea nguvu sawa na bwawa zima. Na dunia yote hupata chini ya sehemu moja katika sehemu bilioni 2 za nuru itokayo kwenye jua. Mimi nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, kisha nikaifanya tena.

Turudi usiku. Nyota A na B huzungukana kwa muda wa karibu miaka 80, na umbali wa wastani kati yao ni mara 23.3 ya umbali wa dunia kutoka kwa jua. Mtu aliyesoma kanuni ya Kepler ajua la kufanya: zidisha 23.3 mara tatu kwa yenyewe, utapata 12,650 hivi. Zidisha miaka 79.8 mara mbili kwa yenyewe, utapata 6,370 hivi. Gawa ile kwa hii. Jibu ni karibu 2, maana yake nyota hizo mbili kwa pamoja zina uzito wa majua mawili. Wataalamu waliopima kwa uangalifu zaidi wamegawa uzito huo: A ni jua moja na kama sehemu 8 za mia, B ni pungufu ya jua moja kwa sehemu 9 za mia. Nauliza, je, ni somo gani jingine katika darasa la S.4 ambapo mwanafunzi hupima uzito wa kitu kilicho mbali kiasi hicho kwa kalamu ya wino?

Tena waweza kuyajaribu majibu kama yanapatana. Upana wa A ni mara 1.22 ya upana wa jua. Uso wa mpira hukua kwa mraba, basi 1.22 kwa 1.22 ni karibu 1.5. Kama joto la uso ni sawa na la jua, nuru yake nayo yapasa iwe mara 1.5 ya nuru ya jua. Na kwa upande mwingine kabisa, wale waliopima mng'ao wake na umbali wake, bila kuuliza upana, wamepata mara 1.5. Njia mbili zimekutana mlango mmoja. Hilo kwangu mimi lina utamu kuliko goli la dakika ya tisini, ingawa najua kura hiyo nitaipata peke yangu.

Kuna na mdogo wao wa tatu, ambaye hatumwoni kwa macho. Aligunduliwa mwaka 1915 huko huko Johannesburg na Robert Innes, mtu aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 12, akajifundisha mwenyewe, akafanya biashara ya mvinyo kule Sydney kabla ya kuja Afrika kuhesabu nyota. Alilinganisha picha zilizopigwa kwa miaka mbali mbali, akaona kijinyota hafifu kilichokuwa kikihama. Huitwa Proxima, yaani ya karibu kabisa, kwa kuwa iko mbele kidogo ya wenzake: miaka 4.25 ya nuru. Uzito wake ni kama sehemu 12 za mia za jua, ni nyekundu, na haina moto mwingi. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba ina sayari yake, yenye kuizunguka kwa siku 11 tu. Lakini tusikimbilie huko. Wanafunzi wengi wakisikia sayari huanza kuuliza habari za watu wa kule, na mazungumzo yenye maana hufia hapo.

Sasa nijibu wale walioshinda kura.

Kwa habari ya mtihani: mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 wataka mwanafunzi afanye miradi na kueleza alichokiona, si kukariri tu. Mradi gani ulio rahisi kuliko huu? Kanuni ya Kepler, nuru na rangi zake, umbo la picha katika tundu, joto, digrii na pembe, yote hayo yamo katika saa moja ya uwanjani na rula moja ya darasani. Na hata kama mtihani usingeuliza neno lo lote, naona aibu kidogo kwa shule inayofundisha kwamba nyota ni mpira wa moto, bila kumpa mwanafunzi nafasi ya kusimama chini ya nyota moja inayojulikana kwa jina. Mwezi wa Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa, na waliofanya kazi ya kuitengeneza walikuwa vijana wahandisi watatu wa nchi hii waliokuwa wakisoma Japani. Wote tulipiga makofi. Twataka wengine watoke wapi, kama hapa kwetu anga hufungwa saa moja ya jioni kwa swichi?

Kwa habari ya wezi, hoja hiyo ina uzito, na sipendi kuidharau kama walivyofanya baadhi ya wanachama wenzangu. Uwanja ni mpana, na askari wa lango ni mmoja. Lakini tuliomba taa mbili za uwanjani tu. Za mabweni na za lango zitabaki. Majina yataitwa kabla na baada, mwalimu wa zamu atakuwapo, na sijapata kusikia habari ya mwizi achaguaye usiku ambao watu sitini wamesimama macho katikati ya uwanja.

Kwa habari ya ramli, jambo la kuchekesha ni kwamba yule msemaji na mimi tuko upande mmoja. Mpiga ramli hukuambia nyota imesema utafeli au utaoa, wala hakuonyeshi alivyopima. Dawa ya mtu huyo si taa kali. Dawa yake ni kijana aliyekwisha kuipima nyota mwenyewe, akajua joto lake na uzito wake, na ya kuwa haina habari zake.

Limebaki neno la wale wa chama chetu wasemao tungoje kwanza tupate darubini. Hawa ndio wanaonisumbua zaidi, kwa kuwa ni rafiki zangu. Darubini ndogo ni kitu kizuri, sikatai; itakuonyesha wazi kwamba Rijili Kantori ni nyota mbili, na siku tutakapoipata nitakuwa wa kwanza kwenye mstari. Lakini haitakuonyesha uso wa nyota. Katika darubini ya shule nyota hubaki nukta tu, na mengi niliyoyaeleza hapo juu hayatoki ndani ya darubini, yatoka katika hesabu. Barua ya kuomba msaada yaweza kukaa miaka mitatu katika ofisi fulani. Wanafunzi wa S.3 wa leo watakuwa wamekwisha kuondoka.

Ombi litapelekwa tena muhula huu, kwa Mwalimu Mkuu mwenyewe, na orodha ya majina iko kwa katibu wa chama. Atakayependa kujaribu kabla ya hapo, hata nyumbani kwao wakati wa likizo, afanye hivi. Achague usiku usio na mwezi. Katikati ya Juni Rijili Kantori hufika juu kabisa ya njia yake saa nne kasoro robo ya usiku. Katikati ya Julai huwa saa mbili kasoro dakika kumi hivi. Mwezi wa Agosti, saa mbili, huwa imeanza kuinamia magharibi. Aelekee kusini, upande wa ziwa, anyoshe mkono, apange ngumi tatu moja juu ya nyingine kuanzia upeo wa macho. Juu ya ngumi ya tatu, au chini yake kidogo, ataona nyota kubwa yenye umanjano. Kulia kwake, umbali wa kama vidole vitatu vilivyokaa pamoja, ni Hadar. Akiendelea na mstari huo huo kwenda kulia ataufikia Msalaba wa Kusini, hapo atajua hakukosea. Tochi ifunikwe kwa karatasi nyekundu, na macho yakae gizani dakika ishirini kabla mtu hajaanza kubishana na mwenzake juu ya rangi.